Kibomba cha nguruzi kwenye tezi ya boti ya faiba: namna ya kukibadilisha na kukiziba

Ndugu yangu wa Pasua, Moshi,

Unaeleza katika barua yako kwamba ulinunua Tanga boti ya faiba ya futi 16 iliyokuwa imefanya kazi baharini kwa miaka kadhaa, ukaileta Moshi kwa trela, na sasa unaitumia katika bwawa la Nyumba ya Mungu kwa uvuvi na kuvusha watu. Kila ukishinda majini, jioni unakuta ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, maji ya kujaza ndoo, hata siku ambayo hapakuwa na mvua wala mawimbi. Umeona kwamba maji hayo yanapenya pembeni mwa kibomba cha shaba kilicho chini kabisa kwenye tezi (ukuta wa nyuma wa boti), kile kinachozibwa kwa nguruzi ya mpira, yaani kizibo cha tundu la kutolea maji. Fundi wako amekizungushia silikoni mara mbili, na mara zote mbili imebanduka. Unauliza kama ipo gundi kali zaidi itakayomaliza tatizo, na kama kazi hii inaweza kufanyika hapo Moshi bila kuirudisha boti pwani.

Kazi inaweza kufanyika Moshi, na gundi unayoiulizia ipo. Hata hivyo gundi hiyo ni hatua ya mwisho, na ukianza nayo utakuwa umerudia kwa gharama kubwa zaidi kile alichokifanya fundi wako. Maji unayoyakuta ngamani unayaona na unayachota. Mimi nina wasiwasi zaidi na yale usiyoyaona, yanayoingia katikati ya ukuta wa tezi na kubaki humo.

Katika boti nyingi za faiba za ukubwa huo, ukuta unaobeba injini haukujengwa kwa faiba tupu. Ndani yake kuna plaiwudi, mara nyingi vipande viwili vilivyogandishwa pamoja hadi kufikia unene wa milimita 38 hadi 50, vikafunikwa kwa faiba upande wa nje na upande wa ndani. Tundu la kutolea maji linapotobolewa hukata matabaka yote mawili ya faiba na kuiacha plaiwudi wazi kulizunguka. Kibomba huingizwa ili kuufunika ubao huo, kisha gundi hupakwa kwenye midomo yake miwili, na kwa boti nyingi huo ndio ulinzi wote uliopo. Siku kibomba kinapopasuka au gundi ya mdomoni inapokatika, plaiwudi huyanyonya maji kupitia kingo zake kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa, na kwa kuwa imefungwa na faiba pande zote mbili haina njia ya kuyatoa. Ubao unaweza kuoza kwa miaka huku tezi iking'aa kwa rangi mpya, na injini ya nguvu farasi 40 ikiendelea kuning'inia juu yake.

Kwa hiyo anza kwa kukitoa kibomba. Usikigonge kwa nyundo kutoka upande mmoja wakati mdomo wa upande wa pili bado upo, kwa sababu mdomo huo utaondoka na kipande cha faiba. Saga mdomo wa nje taratibu hadi ubaki mwembamba na uchomoke, au tumia njia ninayoipendelea zaidi: ingiza msumeno wa chuma ndani ya kibomba, chora mikato miwili kwa urefu wake bila kuugusa ubao, kisha kikunje kuelekea ndani kwa bisibisi na ukivute. Kabla ya kukitupa, kikwaruze kwa kisu. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na maji ya chumvi huila zinki polepole. Ukiona njano inayong'aa, chuma hicho kilikuwa bado kizima. Ukiona wekundu wa waridi, na ncha ya kisu ikamegua kipande, basi zinki imekwisha na kilichobaki ni ganda lenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Kwa boti iliyotoka baharini natarajia utakuta hilo la pili, na hapo utaelewa kwamba silikoni ya kuzunguka nje isingesaidia hata kama ingeshika, kwa kuwa maji yalikuwa yakipita katika ukuta wa kibomba chenyewe.

Sasa una dirisha la kuutazama ubao. Ingiza ncha ya bisibisi au msumari ndani ya tundu na uisukume kwenye plaiwudi pande zote, juu, chini, kushoto na kulia. Ubao mzima hukataa kuchomeka, ilhali ubao uliooza huiruhusu ncha iingie na hutoa maji ya kahawia yenye harufu ya uvundo. Baada ya hapo gonga tezi yote kwa mpini wa bisibisi, kuanzia tunduni ukipanda kuelekea kwenye mabano ya injini, na usikilize mahali sauti kavu inapogeuka kuwa nzito na bubu. Mahali unapotilia shaka, toboa kwa biti ya milimita 3 kutoka upande wa ndani wa boti, usivuke hadi nje, na uangalie unga unaotoka kwenye biti. Unga mweupe na mkavu ni habari njema. Ule mweusi unaogandamana vidoleni ni dalili ya kuoza, nawe endelea kutoboa kwa kusogea sentimita chache hadi ujue ugonjwa unaishia wapi. Matundu haya madogo utayaziba baadaye kwa epoksi.

Kuna jaribio jingine lisilohitaji kutoboa chochote. Injini ikiwa mahali pake na boti ikiwa juu ya trela, inua injini kana kwamba unataka kutoa propela majini, kisha shika sehemu ya chini ya injini na uisukume chini kwa uzito wako huku mwenzako akitazama sehemu ya juu ya tezi. Tezi nzima haisogei. Ikipinda, au ukiona nyufa za nyota zikifunguka kwenye pembe zake, acha habari za kibomba, teremsha injini na utafute fundi wa faiba aliyewahi kubadilisha tezi nzima. Hapa sina ulegevu wowote, hasa kwa kuwa unabeba abiria, na kwa kuwa chombo cha biashara namna hiyo kinapaswa kuwa kimekaguliwa na kupewa leseni na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Tezi laini haizibiki kwa gundi ya aina yoyote.

Tuchukue kwamba uozo umeishia sentimita mbili au tatu kuzunguka tundu, jambo ambalo ni la kawaida. Hatua inayofuata ni kukausha, nayo ndiyo inayowashinda watu wengi, maana haina kazi ya mikono na kila mtu ana haraka ya kurudi bwawani. Usiifanye wakati wa masika. Kati ya Juni na Septemba hewa ya Moshi ni kavu na mvua ni chache, ingawa Juni na Julai baridi itakuchelewesha kidogo. Weka boti chini ya paa, inua omo, yaani mbele ya boti, ili maji yote yateremkie tezi, acha tundu wazi, na kama una umeme elekeza feni ndogo au balbu ya joto karibu na tundu. Moto wa gesi haufai kabisa, kwani hukausha uso wa ubao na kuunguza faiba huku ndani kukiwa bado kumelowa. Ili kujua kama ubao umekauka, funika tundu kwa karatasi ya nailoni pande zote mbili, ibane kwa tepu, na uiache tezi ipigwe na jua kwa siku nzima. Matone yakijitokeza upande wa ndani wa nailoni, subiri tena. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, na sioni njia ya mkato ninayoweza kukushauri kwa dhamiri safi.

Ubao ukishakauka, utauziba kwa namna ambayo hata kibomba kipya kikipasuka, maji yatakutana na plastiki ngumu badala ya mbao. Wengine hufanya hivi kwa kulipanua tundu lote kwa msumeno wa duara, kulijaza epoksi, kisha kutoboa upya. Kwa tundu lililo juu njia hiyo ni nzuri. Tundu lako, hata hivyo, liko chini kabisa, pengine kidole kimoja tu juu ya sakafu ya boti, na ukilipanua utakata mshono unaounganisha tezi na sehemu ya chini ya boti. Ninakushauri uache faiba ya nje na ya ndani kama zilivyo, na uchimbe ubao ulio katikati yake peke yake. Chukua msumari wa inchi nne, ukate kichwa, upinde ncha yake kwa pembe mraba ibaki na mguu wa milimita 10 hivi, kisha ufunge kwenye drili. Ingiza mguu huo tunduni, washa drili kwa mwendo wa polepole, na uuzungushe kwenye ukuta wa tundu. Msumari utaumega ubao uliolainika na kuuacha ule mzima, na utabakiwa na mfereji unaozunguka tundu ndani ya tezi. Faiba hairuki ukienda polepole. Vuta unga wote kwa mrija au upulize kwa pampu ya baiskeli, na vaa miwani.

Kwa kujaza mfereji huo tumia epoksi ya vichupa viwili inayokauka polepole, si ile ya dakika tano, ambayo haistahimili maji kwa muda mrefu. Rezini ya kawaida ya faiba, ile ya poliesta inayouzwa kwa mafundi wa bodi za magari, nayo huwekwa na wengi kwa sababu ni rahisi kupatikana, lakini haishiki ubao kama epoksi inavyoushika. Pima epoksi kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji bila kuongeza hadina (kigumushi chake) ili iwahi kukauka, kwani epoksi si kama rezini ya poliesta ambayo huvumilia kuongezewa kidogo. Ukikosea uwiano itabaki laini milele. Kwanza paka epoksi nyepesi, isiyochanganywa na kitu, kwa brashi ndogo ili ubao uinywe. Ikianza kunata, changanya nyingine na unga laini wa mbao au unga wa silika hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, na uisindike mfereji mzima kwa kijiti ukihakikisha haukuacha hewa nyuma. Ikiwa mfereji ni mpana, jaza kwa awamu mbili, kwa sababu epoksi nyingi iliyorundikana mahali pamoja hujipasha moto yenyewe hadi ikatoa moshi na kupasuka. Ili epoksi isimwagikie ndani ya tundu, ingiza katikati kipande cha bomba la plastiki lenye kipenyo cha kibomba kipya, ulichokizungushia nailoni na kukipaka nta ya viatu. Kesho yake kitachomoka, na tundu litakuwa na ukuta mgumu kote. Lisawazishe kwa msasa uliozungushiwa kijiti.

Kuhusu kibomba kipya, kwa maji baridi ya Nyumba ya Mungu shaba ya njano inatosha, kwa kuwa kule hakuna chumvi ya bahari ya kuila zinki kwa kasi ile. Bronzi ni bora zaidi ukiipata. Vya plastiki nyeupe vya bei ya chini sivipendi, kwa vile jua la huku huvifanya vivunjike kama biskuti. Kuna pia aina isiyo na bomba, yaani bamba linalofungwa kwa skrubu upande wa nje pamoja na nguruzi yenye nyuzi za skrubu, nayo ni imara, lakini nguruzi yake hufungwa kutoka nje tu. Katika bwawa lenye mamba napendelea nguruzi ya mpira inayobanwa kutoka ndani ya boti, ili ukisahau kuifunga usilazimike kushuka majini na kupapasa nyuma ya tezi.

Kibomba huja na mdomo mmoja uliokwisha kutanuliwa. Wa pili utautanua wewe. Kipime ili kizidi unene wa tezi kwa milimita 3 hadi 4 tu, kisha kikate. Pasha moto ile ncha uliyoikata hadi ionekane nyekundu hafifu gizani, na uiache ipoe. Shaba iliyopashwa hulainika na haipasuki inapotanuliwa. Zana ya kutanulia ni koni mbili za chuma zinazovutwa pamoja na bolti ndefu, na fundi yeyote wa kukereza vyuma hapo Moshi, au kwenye karakana za Unga Limited ukifika Arusha, anaweza kukuchongea.

Sasa ndiyo zamu ya gundi. Silikoni ya bafuni hushika vigae na kioo, ila kwenye faiba inayokaa chini ya maji haidumu, na mahali ilipopita huacha utando wa mafuta usioonekana, ambao hata silikoni mpya haishiki juu yake. Hapo ndipo jaribio la pili la fundi wako liliposhindwa kabla halijaanza. Kwangua mabaki yote kwa wembe, futa kwa kitambaa chenye asetoni, na baada ya hapo tu ndipo upige msasa. Ukipiga msasa kwanza utayasukuma mafuta hayo ndani ya mikwaruzo. Futa tena kwa asetoni na kitambaa kisafi, ukigeuza upande kila mara.

Gundi ninayoipendekeza ni ya poliurethani iliyotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya majini, kama Sikaflex 291 au 3M 4200. Ile ya 3M 5200 ina nguvu zaidi, lakini siku utakapohitaji kukitoa kibomba itang'oa na faiba, kwa hiyo kwa kifaa kinachobadilishwa mara kwa mara naiona ni adhabu. Poliurethani ya vioo vya magari haikukusudiwa kukaa chini ya maji. Iagize ya majini kutoka maduka ya vifaa vya boti Dar es Salaam, nayo itakufikia kwa basi. Mwombe muuzaji asome tarehe ya mwisho wa matumizi, na ikifika bonyeza tyubu kwa kidole, kwa sababu iliyokaa kwenye ghala la joto huwa imeanza kuwa ngumu.

Bandika tepu ya karatasi kuzunguka tundu pande zote mbili, ukiacha nafasi ya mdomo wa kibomba na milimita chache zaidi. Paka gundi ndani ya tundu, juu ya kibomba chote, na pete nene chini ya mdomo wake. Kisukume kwa kukizungusha ili gundi ienee, kisha tanua mdomo wa pili gundi ikiwa bado mbichi. Kaza hadi gundi itoke kidogo kuzunguka mdomo wote bila kukatika, halafu uache. Ukikaza kwa nguvu zako zote utaikamua gundi yote na kubaki na chuma juu ya faiba. Lainisha kwa kidole chenye glavu na uondoe tepu kabla gundi haijashika. Usifute wala kulainisha kwa spiriti, maana spiriti huizuia poliurethani isikauke, na utakuta baada ya wiki bado inanata. Gundi hii hukauka kwa kuchukua unyevu wa hewani, nayo hewa ya kiangazi ya Moshi ni kavu, kwa hiyo subiri siku saba kamili hata kama juu inaonekana ngumu.

Kabla ya safari ya bwawani, ifanyie boti jaribio hapo hapo juu ya trela. Funga nguruzi, mimina ndani ndoo mbili za lita 20, na inua omo ili maji yote yalale kwenye tezi. Kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na hapo ndipo tundu lako lilipo, kwa hiyo kama kuna mpenyo utajionyesha. Pangusa tezi kwa nje ikauke kabisa, bandika karatasi ya chooni kuzunguka kibomba, na urudi baada ya saa mbili. Karatasi ikilowa upande mmoja tu wa mdomo, gundi haikuenea hapo. Ikiwa inalowa katikati, kosa ni la nguruzi: kaza nati yake ili mpira utanuke, au ubadilishe mpira ikiwa umepasuka au umekuwa mgumu. Usiipake grisi ya magari, kwani huuvimbisha mpira. Grisi ya silikoni ndiyo inayofaa. Nunua nguruzi ya pili na uiweke ndani ya boti.

Boti ikiwa nyumbani, itoe nguruzi na uiegeshe omo ikiwa juu, ili mvua ya vuli isilale ngamani. Na kama baada ya kazi hii yote bado unakuta maji ngamani ukitoka Nyumba ya Mungu, usikiguse kibomba tena, kwa kuwa jaribio la trela limekwisha kukitakasa. Angalia bolti zinazoshika injini kwenye tezi, hasa zile mbili za chini, pamoja na skrubu zozote ambazo mwenye boti wa kwanza alizipiga nje chini ya usawa wa maji ili kufunga kifaa ambacho sasa hakipo. Kila moja ya hizo imetoboa plaiwudi ile ile, na huzibwa kwa utaratibu ule ule: kausha, chimba, jaza epoksi, toboa upya, paka poliurethani.